Kitabu cha mashairi yako chenye mapambo: nilivyotengeneza changu

Mkuu, umeuliza kama mtu mwenye mashairi 20 kwenye simu anaweza kujitengenezea kitabu cha kurasa zilizopambwa bila kupitia kwa mchapishaji. Anaweza. Mimi nilitoa nakala 30 za mashairi niliyomtungia mama, kurasa nikazipanga mwenyewe kwa programu ya Canva.

Mapambo hayakunisumbua. Kilichonitesa ni mshororo. Mshororo wa mizani (silabi) 16 ni mrefu. Ukiuweka kwenye A5 (nusu ya A4) iliyosimama, programu inaukata inapotaka, neno la mwisho linaanguka chini peke yake, kina cha kati hukioni tena. Nikapunguza herufi mpaka mama akaniuliza kama nimewaandikia sisimizi. Mwisho nikaulaza ukurasa: ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) kushoto, utao (nusu ya pili) kulia, vina vikasimama kama nguzo za baraza. Nilipoutazama hivyo ulivyolala, nikaona kanga! Basi pindo la kanga yake ya zamani nikaliskani likawa fremu, beti zikakaa mjini, yaani katikati ya kanga, na kichwa cha shairi nikakishusha chini, panapokaa jina (maneno ya kanga).

(Kanga ipige pasi kwanza. Mkunjo mdogo tu kwenye skana unatoka kama ufa wa ukuta.)

Pindo hilohilo likaniumbua. Nililisogeza ukingoni mno, na kisu cha kukatia karatasi huyumba milimita moja au mbili, kwa hiyo upande mmoja ukatoka mnene, mwingine umekonda. Fremu iingize ndani angalau sentimita moja. Rangi inayojaza ukurasa nyuma ya fremu ndiyo uitokeze milimita 3 nje ya mstari wa kukatia.

Picha zilizotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida ziache, zimebanwa. Chapa nzuri inataka nukta 300 kwa inchi; A5 nzima ni kama pikseli 2480 kwa 1748. Omba utumiwe kama faili.

Ukibana kwa pini katikati, idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Mimi nilikuwa na 26, ikabidi nitunge shairi la haraka na kuweka picha ya ziada. Shairi lenyewe linajulikana tu kuwa ni la haraka.

Peleka PDF kwa mpiga chapa, na usikubali zichapwe zote kabla hujaona nakala moja ya majaribio. Yangu ilitoka na nyekundu ya kanga imefifia kuwa kahawia, wakati kwenye skrini iliwaka. Nikarudi nyumbani na kanga begani, nikairekebisha rangi huku naitazama.