Ukitazama filamu ya tapeli, fuata hela

Kila anayeanza kazi kwenye kitengo chetu cha kuchunguza utapeli, nampa filamu za kutazama kabla sijamkabidhi faili lolote. Wengi hufurahi, wakidhani wiki ya kwanza ni ya mapumziko. Kisha nawaambia kila filamu wairudie, na mara ya pili wawe na daftari.

Chukua The Tinder Swindler ya mwaka 2022. Mara ya kwanza utatoka unamzungumzia Simon Leviev, anayedaiwa kuwatapeli wanawake aliowapata kwenye Tinder, mtandao wa kutafutia wapenzi: ndege binafsi, walinzi, hoteli za kifahari. Hata wale wanawake, baada ya kukutana naye mara ya kwanza, waliondoka wakizungumzia hayo hayo. Mara ya pili chora safu nne: hela imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani, imepita njia gani, na nani angeuliza swali moja tu mambo yakaishia hapo. Jaza kila hela inapotajwa. Ukifika katikati, mapenzi yatakuwa yameshayeyuka na utabaki na kitu unachokijua vizuri: upatu. Kwa maelezo ya wanawake hao, anayekirimiwa leo analipiwa kwa mkopo wa mwenzake wa jana, na kesho naye atakopa ili mwingine apandishwe ndege. Mwaka 1920, mjini Boston, Charles Ponzi aliahidi faida ya asilimia 50 ndani ya siku 45, akawalipa waliotangulia kwa hela za waliofuata. Ni mchezo ule ule, safari hii umefungwa kwenye shada la maua.

Angalia pia picha ya mlinzi mwenye damu kichwani, ile iliyotumwa ili hela zitoke haraka. Ilikwenda kwa zaidi ya mwanamke mmoja. Tapeli hakai kubuni hadithi mpya kwa kila mtu, ana maneno yake aliyoyazoea na anayarudia. Kwa hiyo mlalamikaji akija, usiridhike na muhtasari wake wa mdomo. Omba ujumbe wenyewe, wenye tarehe na saa, kisha tafuta maneno yale yale kwenye mafaili ya zamani. Nimeshaunganisha kesi tatu kwa sababu ya kosa moja la tahajia.

Jambo jingine: filamu si hukumu. Leviev alifungwa Israel mwaka 2019, lakini kwa makosa mengine, na madai ya kwenye filamu ameyakana. Ukiandika ripoti, ya mahakamani yaweke upande wake na ya kwenye kioo upande wake.

Halafu jiulize aliyeitengeneza ana nini humo ndani. Januari 2019 zilitoka filamu mbili kuhusu Fyre, tamasha la muziki lililouziwa watu tiketi kisha likavunjika, ndani ya wiki moja. Ya Netflix ilikuwa na Jerry Media miongoni mwa watayarishaji, yaani kampuni ile ile iliyolitangaza tamasha. Ya Hulu ilimlipa Billy McFarland mwenyewe, mwandaaji aliyefungwa kwa utapeli, ili akubali kuhojiwa. Zitazame zote mbili kwa siku moja, uone kila moja inamlegezea nani kamba. The Wolf of Wall Street, ya dalali wa hisa aliyewatapeli wateja wake, ndiyo kiboko: waliolizwa karibu huwaoni, wengi ni sauti za kwenye simu, na kampuni iliyoitayarisha, Red Granite, mwaka 2018 ililipa serikali ya Marekani dola milioni 60 kumaliza kesi iliyohusu hela zilizodaiwa kuibwa kwenye 1MDB, mfuko wa serikali ya Malaysia. Ucheke au ulie, hiari yako.

Na mimi nilipigwa hapo. Kwa miaka nilifundishia Catch Me If You Can kama kisa cha kweli, kumbe msimulizi wake mkuu ni Frank Abagnale, tapeli mwenyewe anayesimuliwa humo. Kumbukumbu za magereza zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kipindi anachodai alikuwa akijifanya rubani, alikuwa gerezani New York. Nilikuwa nawaonya vijana wasimwamini tapeli huku nikinukuu maneno ya tapeli.

Filamu za Bernie Madoff, Mmarekani aliyeendesha upatu mkubwa kwa jina la uwekezaji, ndizo vijana huzisinzilia, na ndizo zinazofanana zaidi na kazi utakayoifanya. Hakuna mbio wala kujibadilisha sura. Kuna taarifa za akaunti zilizochapishwa za biashara ambazo hazikufanyika, na mtu mmoja, Harry Markopolos, aliyeanza kuwaonya wasimamizi wa soko mwaka 2000 kwa sababu hesabu zilikataa: mikataba ya kununua na kuuza hisa kwa bei iliyopangwa ambayo Madoff angehitaji ili kufanya alichodai ilizidi iliyokuwepo sokoni. Madoff alikamatwa Desemba 2008. Kwenye safu yako ya nne, andika kwamba kuulizia biashara zile kwa mtu wa tatu, pale hisa zinapotunzwa, kungetosha. Kila anayerudisha daftari lake huwa ameiacha safu hiyo nusu tupu, maana filamu haikuonyeshi simu ambayo haikupigwa.

Kuhusu waliotapeliwa, acha "tamaa mbele mauti nyuma" mlangoni. Mahojiano yangu ya kwanza yalikuwa na mama mmoja aliyekuwa ametuma akiba yake yote kwa awamu. Nilimuuliza, "Hukugunduaje muda wote huo?" Akafunga mkoba wake, akasema hakumbuki chochote. Wiki mbili baadaye mwenzangu alimpigia, akamuuliza, "Mama, siku ya kwanza alikuambia nini hasa?" Walizungumza saa mbili. Alikuwa na risiti zote, kwenye mkoba ule ule.