Friza bovu kuwa pipa la mboji: mbona halipati moto?

SWALI: Bwana shamba, habari za kazi. Niko Njombe mjini, nina mgahawa mdogo na bustani ya mboga nyuma ya nyumba. Nilisikia kwamba penye baridi mboji huiva haraka ikiwekwa kwenye chombo kinachotunza joto, nikanunua friza bovu la kulala, la lita 300 hivi. Tangu mwanzo wa Juni nalijaza maganda ya viazi na ndizi, mabaki ya kabichi, maparachichi yaliyooza na kinyesi kidogo cha kuku. Kifuniko nakibana vizuri ili joto lisitoke. Hii ni wiki ya tano. Ndani ni baridi, chini kuna rojo jeusi linalonuka mayai viza. Nilimwaga majivu kukata harufu, na sasa nikifunua macho yanawasha. Nimekosea wapi? Nitupe, au kuna namna ya kuokoa?

JIBU: Habari ni nzuri, dada, na pole kwa harufu. Usitupe kitu. Rojo hilo linaokoleka, na friza lenyewe linafaa sana kwa baridi ya huko kwenu. Ila kabla ya habari za mboji nakuomba leo hii ung'oe komeo la kifuniko na ule mpira wa pembeni unaokishika. Friza bovu huvutia watoto wanaocheza kujificha, na mtoto akijifungia humo hewa humwishia bila kusikika. Jambo hili silifanyii mzaha hata siku moja. Pia, kama mashine yake ya nyuma bado ipo, mwite fundi wa friji aitoe gesi kwa vifaa vyake kabla hujatoboa chochote. Baadhi ya mafriza hutumia gesi inayoshika moto, na gesi za mengine huharibu anga zikiachiwa hivihivi.

Sasa tuje kwenye baridi yako. Kuta za friza ni blanketi, basi. Mtu akijifunika blanketi hupata joto kwa sababu mwili wake unalitoa. Lifunike jiwe blanketi hilohilo, asubuhi utalikuta baridi. Ndani ya mboji joto hutolewa na bakteria na kuvu, nao hulitoa wanapokula huku wakipumua, kama ng'ombe wanavyolipasha moto zizi usiku. Wewe umewapa chakula tele ukawanyima hewa. Wale wa moto wakafa au wakalala, wakaingia wengine wanaoishi pasipo hewa. Hawa wa pili joto lao ni dogo mno, na ile harufu ya mayai viza ni gesi wanayoitoa. Kwa hiyo kila ulipobana kifuniko kulinda joto, ulikuwa unazima jiko.

Lakini kilichoziba hewa zaidi ni maji. Chukua kilo 20 za maganda na mabaki ya mgahawani: karibu kilo 16 ni maji matupu. Yakianza kuoza, maji hayo huachiliwa, hushuka, na kujaza kila nafasi ambamo hewa ingepita. Mboji inayopata moto huwa na maji nusu ya uzito wake, au asilimia 60 ikizidi sana. Katika orodha yako yote sijaona kitu kikavu hata kimoja. Tena inama utazame sakafu ya friza kwa ndani: mafriza mengi ya kulala yana kitundu cha kutolea maji barafu inapoyeyuka, chenye kizibo. Nadhani kizibo chako bado kimo, na ndiyo maana uji umetuama hapo.

Majivu nayo yameongeza tatizo la pili. Majivu ni magadi kwa tabia. Yakikutana na kinyesi cha kuku hufukuza naitrojeni ikapaa kama amonia, na hiyo ndiyo inayokuwasha macho. Ni mbolea yako inayotoka kwa juu, dada. Acha majivu kabisa hadi mboji iwe imepoa.

Namna ya kuokoa ni hii. Chagua asubuhi isiyo na mvua, vaa glavu na barakoa, tandaza turubai na umwage vyote. Kwa kila ndoo moja ya rojo changanya ndoo mbili za vitu vikavu: mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa urefu wa kidole, majani makavu, maboksi yaliyochanwa baada ya kubanduliwa gundi ya plastiki. Hesabu hiyo haikutoka hewani. Bakteria hutaka kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Mabaki ya jikoni yana kama 15 tu, mabua makavu yana kama 60, na ndoo mbili kwa moja hukufikisha karibu kabisa na pale unapotaka. Vilevile vipande vya mabua hunyonya maji na kuacha matundu ya kupumulia.

Njombe ni mji wa mbao, najua jicho lako litakwenda kwenye mashine za kupasulia. Maranda yale yanayojikunja chini ya randa ni mazuri, yatumie mpaka robo ya vitu vikavu. Ule unga wa msumeno uogope: hushikamana kama ugali, na kaboni yake ni nyingi mno, sehemu 200 na zaidi kwa 1, hivyo ukizidi hupunguza moto badala ya kuuchochea. Usichukue kabisa mahali wanapotia mbao au nguzo dawa ya kuzuia mchwa, maana dawa ile haiishi kwa joto la mboji na utaila kwenye mchicha.

Ukishachanganya, chota konzi moja ukamue kwa nguvu zako zote. Yakichuruzika maji kati ya vidole, ongeza mabua. Ukifungua mkono konzi likasambaratika kavu, nyunyiza maji kidogo. Unachokitaka ni tone moja au mawili yanayochungulia kwenye kifundo cha kidole, na donge linalobaki limeshikana hadi uliguse. Mimi hupima kwa mkono kila mara ninapoongeza, hata baada ya miaka mingi ya kazi hii.

Friza nalo litengeneze huku likiwa tupu. Linyanyue kwa matofali, upande wenye kitundu uwe chini kidogo, ng'oa kizibo na uweke ndoo ya kukingia. Ndani, panga fito unene wa kifundo cha mkono, juu yake wavu, ili mboji isikalie sakafu. Kisha toboa ubavuni, usawa wa hizo fito, upitishe bomba la plastiki la inchi 2 lililotobolewa matundu mengi, mdomo wake ukitokeza nje. Hewa baridi itaingia chini, itapata moto, itapanda. Juu weka kijiti kinachoinua kifuniko kwa upana wa kidole kimoja. Upenyo mkubwa kuliko huo utapoteza joto bure, na kwa baridi ya Julai utaligundua haraka.

Jaza angalau nusu ya friza kwa mara moja. Tabaka la sentimita 10 haliwezi kujipasha moto hata lifunikwe na nini, na nadhani kidogokidogo chako cha kila siku kilichangia. Katikati zika dumu la lita 5 lenye maji ya moto, lililofungwa vizuri, ulibadilishe asubuhi na jioni kwa siku mbili. Hapo unawaamsha bakteria tu, baadaye watajitegemea. Nusu ndoo ya kinyesi kibichi cha kuku ikichanganywa vizuri humo huharakisha.

Kama huna kipimajoto, chomeka nondo nyembamba hadi katikati, iache dakika 10, ichomoe uishike. Siku ya kwanza itakuwa vuguvugu. Ikifika siku ya tatu au ya nne ukaishika ukaiachia hapohapo kwa kuungua, umeshafika karibu na nyuzi 55 au umepita. Kati ya nyuzi 55 na 65 kwa siku tatu mfululizo, vijidudu vingi vya magonjwa na mbegu nyingi za magugu hufa. Ikikaribia 70 fungua kifuniko upoze, maana hapo hata wafanyakazi wako wataanza kufa. Nimewahi kufunua pipa la namna hii Makete asubuhi ya Julai, sakitu nyeupe juu ya nyasi, na mvuke ukapanda mpaka nikashindwa kuona sehemu ya kuchomeka nondo.

Joto likishuka, pindua: pembeni kuje katikati, chini kuje juu. Litapanda tena. Ukiwa unaongeza mabaki ya mgahawani, yaongeze mara mbili kwa wiki, ndoo ya maganda na ndoo zake mbili kavu, yakichanganywa kwenye tabaka la juu. Ndoo ya vikavu iwe pembeni mwa friza muda wote, la sivyo siku ya kazi nyingi utamwaga maganda peke yake. Nyama na mafuta ya kukaangia yaache kwanza. Viazi vilivyotoka shamba lenye mnyauko wa bakteria usivitie hata kidogo, hata kama joto lako ni zuri, kwa sababu pembeni mwa friza huwa hakuchemki kama katikati.

Maji meusi ya ndooni usiyanyunyize kwenye mboga za majani. Yachanganye moja kwa kumi na maji safi, umwage kwenye mashina ya migomba.

Baada ya miezi miwili au mitatu moto hautapanda tena hata ukipindua. Hapo itoe, iweke kwenye viroba kivulini wiki nne hadi sita ikomae. Mboji iliyokomaa hunukia udongo uliopata mvua ya kwanza, na ganda la ndizi hulioni tena. Funga konzi moja kwenye mfuko wa plastiki siku tatu. Ukifungua ikanuka vibaya, bado. Ndipo uichekeche. Koko za maparachichi utazikuta nzima, ngumu vilevile. Zipasue kwa shoka uzirudishe kwenye friza, pamoja na vipande vya mabua vilivyobaki kwenye chekeche, viwe mwanzo wa pipa la pili.