Je, seli za katikati ya misuli ndizo zinazoleta uvimbe wa kizazi?

SWALI: Shikamoo Mama Mkunga. Nina miaka 36, nakaa Ngamiani hapa Tanga, nauza vitumbua. Nina mtoto mmoja na natamani wa pili. Siku hizi hedhi yangu inakwenda siku tisa na inatoka mabonge. Nimepiga altrasaundi, nikaambiwa nina vimbe tatu kwenye kizazi, mkubwa una sentimita 6. Mama mkwe anasema ni chango, ameniletea mizizi ya kuyeyusha. Mpwa wangu anayesomea uuguzi anasema kuna seli zinazokaa katikati ya misuli ndizo chanzo. Ni kweli? Na ipo dawa ya kuziua?
Msomaji, Ngamiani

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kabla ya seli, tuzungumze damu. Siku tisa zenye mabonge zinatosha kukumaliza damu taratibu huku ukijiona umechoka tu kwa moshi wa jikoni. Wiki hii nenda kapime wingi wa damu. Ukiwa umepungukiwa utapewa vidonge vya madini ya chuma, na zipo dawa za kupunguza damu yenyewe wakati wa hedhi. Pedi ikilowa kila saa, saa mbili mfululizo, au ukaona kizunguzungu, usisubiri siku ya kliniki. Nenda usiku huohuo.

Sasa nimjibu mpwa wako, maana kauliza jambo zito na nimefurahi kwamba anasoma. Nimefanya kazi chumba cha upasuaji miaka mingi, nikipokea vimbe hizi kwenye bakuli la chuma. Ni nyeupe, na ngumu. Daktari akiukata mmoja katikati unaona mistari inayozungukana, na kisu hakipiti kirahisi. Ugumu ule hauletwi na msuli peke yake. Ndani mna nyuzi za kolajeni, protini ngumu ya mwili, zilizoshindiliwa kama robota la mkonge.

Kila uvimbe huanza na seli moja ya msuli wa kizazi iliyoharibika jeni. Mwaka 2011 watafiti wa Finland walionyesha kuwa vimbe nyingi, kama 70 katika kila 100 walizopima, zilikuwa na hitilafu kwenye jeni iitwayo MED12. Seli hiyo huzaana ikisukumwa na homoni za kike, estrojeni na projesteroni, ndiyo maana vimbe hukua miaka ya uzazi na kwa kawaida husinyaa hedhi ikikoma. Lakini seli ya msuli haifanyi kazi peke yake. Katikati ya seli za msuli zimo faibroblasti, seli ambazo kazi yake ni kutengeneza nyuzi. Zinapokea ishara za kemikali kutoka kwa jirani zao, zinafuma nyuzi kupita kiasi, na robota linakua. Hapo mpwa wako yuko sahihi.

Zipo nyingine za katikati ambazo huenda ndizo alizozisoma: telosaiti, seli ndogo zenye mikono mirefu myembamba. Mhispania Ramón y Cajal aliona seli za namna hii kwenye utumbo zaidi ya karne moja iliyopita. Jina la telosaiti lilitolewa mwaka 2010, na aliyeongoza kazi hiyo ni Popescu wa Romania. Kwenye kizazi wanasayansi wanadhani hupokea habari za homoni na kuzipitisha kwa misuli. Na hapa ndipo penye uzito wa jibu langu: tafiti kadhaa zimezikuta telosaiti zikiwa chache ndani ya uvimbe kuliko kwenye msuli mzima wa pembeni, au hazipo kabisa. Kwa hiyo wazo la kuziua tuliweke kando. Kinachochunguzwa ni kama kupotea kwake ndiko kunakovuruga mpangilio. Hayo bado ni mambo ya maabara, na hakuna dawa ya hospitali inayolenga seli hizo.

Kuhusu mizizi, sitaki ugombane na mama mkwe, anakupenda. Lakini robota lile haliyeyushwi na kinywaji, na mchanganyiko usiojulikana kipimo unaweza kukuumiza ini wakati damu yako imeshapungua. Hata sindano za hospitali za kuzima homoni, ambazo kweli hupunguza uvimbe, ukiziacha uvimbe huanza kukua tena. Mwende naye kliniki, asikie mwenyewe.

Pale hospitali ya Bombo, beba picha yako ya altrasaundi na umuulize daktari kila uvimbe umekaa wapi. Uliojitokeza ndani ya chumba cha mimba ndio unaomwaga damu zaidi na kuzuia mimba kushika, hata ukiwa mdogo. Uliobinuka nje unaweza kuachwa ukaangaliwa tu. Mwambie mapema kwamba unataka mtoto, ili mzungumzie kutoa vimbe na kukiacha kizazi. Usikubali kutolewa kizazi kabla hilo halijazungumzwa mbele yako.