Vijana wa kinanda, hiyo drili ishusheni kwanza

Tumsifu Yesu Kristo wadogo zangu.

Jana saa tano asubuhi nimeingia kanisani kwetu hapa Bagamoyo nikawakuta wawili wenu juu ya ngazi, spika ya kinanda cha kidijitali mmeshaivuta kwa kamba imefika nusu ya ukuta, mmoja kashika drili ya nyundo anatafuta pa kutoboa. Sikuwagombeza kwa sababu akina mama walikuwa wanapamba altare, na pia kwa sababu nawapenda, mmejitolea Jumamosi zenu tatu bila kudai hata nauli. Ila chakula cha mchana kilinishinda. Hilo kosa mlilotaka kufanya mimi nalijua hadi jina la babu yake. Kwa hiyo naandika, msome kabla ya Jumatatu.

1. Umeme. Kinanda kiwe na laini yake toka meni swichi, breka yake, stabilaiza, halafu UPS (ile betri inayoshikilia umeme ukikatika), na ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, mpime kwa mita, msiambiwe tu kwamba ipo. Msije mkakichomeka kwenye soketi ya feni. Mwaka mmoja Mkesha wa Pasaka mtu wa sakristia alitaka giza zuri la kuwashia mshumaa, akazima meni swichi yote, na kinanda tulichokuwa nacho hakikuwa na UPS. Umeme uliporudi kikajiwasha vizuri tu, ila transpozi, ile ya kupandisha na kushusha ufunguo wa wimbo, niliyokuwa nimeishusha hatua mbili ilirudi sifuri na mimi sikuangalia. Sasa fikiria, kinanda kimenyamaza toka Utukufu wa Alhamisi Kuu, masomo yameisha, kengele zinapigwa, watu wamesimama, naingia kwa nguvu zote na wimbo uko juu kuliko tulivyoufanyia mazoezi wiki sita. Sauti ya kwanza waliimba hadi mwisho, mishipa ya shingo imewasimama. Hakuna aliyeacha. Mpaka leo nikiwaona nawaheshimu.

2. Umbali. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, maana yake spika ikiwa mita 30 kutoka kwa mpiga kinanda anajisikia amechelewa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde, anaanza kusubiri sauti yake mwenyewe, kwaya nayo inamsubiri yeye, na wimbo wa kuingilia unakuwa wa maziko. Spika zikae karibu na kwaya.

3. Ukuta. Hapa nitakaa kidogo.

Misheni ya Bagamoyo ni ya 1868. Mwili wa Livingstone ulifikishwa hapa 1874 kabla haujavushwa kwenda Zanzibar. Kanisa kubwa lilijengwa kati ya 1910 na 1914. Kinanda cha kidijitali ukikitunza sana kitakupa miaka 20 na kitu, kikifa mnachanga mnanunua kingine. Ukuta mtachanga mkanunue wapi?

Miaka ya nyuma nilipewa kazi kama hii kwenye kanisa jingine la zamani, huku huku pwani. Kuta za matumbawe, lipu ya chokaa. Ilikuwa Ijumaa jioni, Jumapili askofu anakuja kukibariki kinanda, imebaki spika moja tu, ile ya juu ya kituo cha tisa cha Njia ya Msalaba. Nikaiweka drili kwenye nyundo nikakandamiza. Inchi mbili za kwanza ikaingia kama kwenye muhogo uliochemka, halafu nikasikia kitu kinaguna ndani, na lipu ikaachia, kipande ukubwa wa sinia la pilau, kikapasukia sakafuni. Nyuma yake jiwe likawa wazi, tumbawe lenyewe, unaona kabisa vijitundu na mistari kama limetolewa baharini asubuhi ile.

Hapo ningeshuka nikamwita paroko, yangekuwa makosa madogo. Nilichofanya, nilimtuma kijana dukani akalete simenti. Nikachanganya kali, nikaziba, nikalainisha na mwiko, Jumamosi nikapiga rangi ya plastiki, na ukiniuliza siku ile ningekwambia sijawahi kuziba vizuri vile. Jumapili askofu akabariki, watu wakapiga vigelegele, nikala na wageni meza moja. Sikumwambia mtu.

Masika ikapita. Nilirudi kuangalia spika moja iliyokuwa inakoroma, nikaenda moja kwa moja kutazama kiraka changu. Kiraka kizima, kigumu kama chuma. Ila kukizunguka, lipu ya zamani imefura kama andazi, inadondoka, na chini kuna unga mweupe mstari mzima juu ya benchi. Ukuta ule unapanda unyevu na chumvi toka chini, siku zote ulikuwa unautolea kwenye chokaa taratibu. Mimi nimeweka simenti na rangi ya plastiki, maji yakakosa pa kutokea, yakahamia pembeni, yakikauka chumvi inabaki nyuma ya lipu inaisukuma. Pale karibu alikuwepo mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, anafagia. Akaniambia ule unga anaufagia kila asubuhi kwa zaidi ya mwezi, alidhani ni mchwa, na hakutaka kumsumbua paroko. Alikuwa ameukusanya kwenye kopo la maziwa ili aje aulize wenye kujua. Akanionyesha kopo.

Nikaenda kwa paroko siku ile ile nikasema yote. Akaitwa mzee mmoja fundi wa chokaa, akagonga kiraka kwa kidole, akasikiliza, akasema, "Mwanangu, umeuziba pua huu." Kukitoa ikawa shughuli maana simenti ni ngumu kuliko lile jiwe, ilivyobanduka ikaondoka na uso wa mawe mawili. Wiki kadhaa ukuta uliachwa wazi ukauke, halafu chokaa nyembamba, siku kadhaa, nyingine, siku kadhaa, nyingine, na kuinyunyizia maji isikauke haraka. Mimi nilishika ndoo. Yule mzee hakuniambia neno baya hata moja na hilo ndo liliniuma. Alama ya pale ipo hadi leo, rangi haijalingana, nikiingia kusali macho yanaenda kwenye kituo cha tisa.

Kwa hiyo spika zikae juu ya fremu ya mbao inayosimama yenyewe kwenye roshani, isiguse ukuta. Kama lazima kutoboa, kwanza ruhusa ya paroko na watu wa mambo ya kale, halafu kwenye kiungo cha mawe sio jiwe lenyewe, drili bila nyundo. Na simenti isivuke mlango.

4. Besi. Nota ya chini kabisa ya pedali za miguu kwenye futi 16, ile sauti nzito ya besi, ni kama mitetemo 33 kwa sekunde, na kanisa la zamani lina vioo vilivyolegea. Mmoja akanyage pedali moja moja polepole, mwingine atembee anasikiliza nini kinalia. Mara nyingi si kinanda kibovu, ni kioo au kinara.

5. Sauti msiipange kanisa likiwa tupu. Watu na nguo zao wanameza sauti. Pangeni, kisha mrekebishe baada ya Misa ya pili.

6. Kufunika: kitambaa cha pamba. Nailoni inafungia unyevu ndani na hewa yetu hapa ina chumvi.

7. Kebo ya MIDI, ile ya kuunganisha kinanda na vyombo vingine vya kielektroniki, isizidi mita 15.

Drili nimeichukua, iko kwangu chini ya kitanda. Jumatatu saa mbili njooni na msumeno, tepu na mbao mbili kwa nne, nimeshaongea na seremala wa pale njia ya sokoni atatukatia. Na yule aliyekuwa juu ya ngazi aje na viatu, asipande tena na ndala.