Kuni zina mwali, mkaa hauna: jua sababu kabla hujaingiza jiko ndani

Kinachowaka kwa mwali ni gesi. Ukuni, mshumaa, hata mafuta ya taa, havitoi mwali mpaka joto livigeuze kuwa gesi au mvuke, na mvuke huo ukutane na hewa. Nimefundisha kemia sekondari kwa miaka mingi, na nyumbani nimepikia kuni, mkaa na gesi. Kama ningeruhusiwa kumpa kila mwenye jiko somo moja tu la sayansi, ningempa hili, maana yapo makosa ya jikoni yanayoua ambayo mtu akilijua hawezi kuyafanya.

Jaribu mwenyewe. Washa mshumaa, uache uwake dakika chache, kisha uzime kwa pumzi moja. Uzi wa moshi mweupe utapanda kutoka kwenye utambi. Upesi, sogeza njiti ya kiberiti inayowaka ndani ya moshi huo, juu kidogo ya utambi bila kuugusa. Moto utashuka na moshi na kuuwasha mshumaa upya. Moshi ule ni nta iliyogeuka mvuke ikaanza kuganda hewani. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday aliwaonyesha vijana wa London jambo hili katika mihadhara ya Krismasi ya mwaka 1860: aliingiza mrija wa kioo katikati ya mwali, mvuke ukapita mrijani, akauwasha kwenye ncha ya pili.

Ukuni nao hufanya vivyo hivyo, ila kwa njia ndefu zaidi. Ukipata joto la nyuzi 200 hadi 300 hivi, mti huanza kuvunjika kwa ndani na kutoa haidrojeni, methani, kaboni monoksaidi na mvuke wa lami. Karibu robo tatu ya uzito wa ukuni mkavu huondoka hivyo, na hiyo ndiyo miali unayoiona ikiramba sufuria. Kinachobaki ni kaboni, yaani mkaa wenyewe, na kaboni ni shupavu: haigeuki mvuke mpaka joto lipite nyuzi 3,500, ambalo hakuna jiko litakalolifikia. Basi oksijeni inabidi iifuate hapo hapo ilipo na kuiunguza juu ya uso wake. Ndiyo maana kaa huwa jekundu, likachoma kuliko kuni, na mwali usionekane. Chuma kiko hivyo pia. Waya laini wa kusugulia masufuria ukiugusisha moto utarusha cheche na kuungua wote, lakini hautatoa mwali, kwa sababu chuma hakipati joto la kukigeuza mvuke. Metali ya magnesi, ambayo huwa mvuke kwenye nyuzi 1,100 hivi, huwaka kwa mwali mweupe unaoumiza macho.

Wachoma mkaa wanayajua haya kwa macho yao. Tanuri likishafunikwa kwa majani na udongo, moshi wa kwanza huwa mweupe na mzito, kwa kuwa maji ndiyo yanayotoka. Ukigeuka mwembamba, wa bluu bluu, mkaa unakaribia kuiva. Ile sehemu yenye mwali imekwenda na upepo kule kule porini. Kwa hiyo ukimimina mkaa jikoni ukaona vipande vinatoa mwali wa njano na moshi wa kuwasha macho, havikuiva tanurini; vitoe viunguzie nje kwanza.

Na wanawake wa Pwani wanaofukiza udi wanalijua hili vizuri zaidi yetu sote. Hawaweki udi kwenye kaa lililotoka kupulizwa. Husubiri majivu yalifunike kidogo, joto lipungue, ili mvuke wenye harufu utoke bila kushika moto. Udi ukiwaka mwali chetezoni, manukato ndiyo yanayoungua.

Kwa anayepikia kuni, ushauri wangu mkubwa ni huu: moshi ni kuni zako ulizolipia zikitoka bila kuungua. Kuni mbichi zinaweza kuwa nusu ya uzito wake ni maji, na joto lote la mwanzo huishia kuyakausha hayo. Pasua vipande vyembamba, viweke juani au darini hadi vikauke, na usishindilie mafiga kuni nyingi kwa pamoja, maana gesi itakuwa nyingi kuliko hewa inayoingia. Usiteremshe sufuria ikakaa ndani ya mwali wenyewe. Chuma baridi huupoza kabla haujamaliza kuungua, ukabaki na masizi. Moshi huu si kero ya macho tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, itokanayo zaidi na nishati kama hizi, ilichangia vifo milioni 3.2.

Sasa makosa mawili ya hatari. La kwanza ni kumimina mafuta ya taa juu ya makaa yanayokataa kukolea. Mtu anaona hakuna mwali, anadhani moto umelala. Lakini kaa lenye wekundu hata kidogo lina joto la kutosha kuyageuza mafuta kuwa wingu la mvuke mweupe, na wingu hilo likishachanganyika na hewa hulipuka kwa mara moja usoni mwa aliyeinama. Petroli ni mbaya zaidi: hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, wakati mafuta ya taa huhitaji kufika 38 hivi. Usiitie jikoni kamwe. Pepea tu, mwanangu, hata kama wageni wamefika.

La pili ni kumwagia maji mafuta ya kukaangia yaliyoshika moto. Maji huzama chini ya mafuta, huchemka papo hapo, huvimba zaidi ya mara elfu moja na kuyarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Zima jiko, funika karai kwa mfuniko, usilibebe, liache lipoe.

Nimeliacha la mkaa ndani ya nyumba mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma. Kila msimu wa baridi, huku Njombe na Makete, au Limuru kwa majirani zetu wa Kenya, kuna watu huingiza jiko chumbani wakafunga mlango. Wanaliona halina moshi wala mwali, wanaliona salama. Ndani ya jiko hilo, oksijeni ya hewa inayopita kwenye makaa mekundu huungana na kaboni kuwa gesi ya kaboni monoksaidi. Moto ukiwa mkali, gesi hiyo huungua juu kwa mwali mdogo wa bluu, unaoonekana vizuri gizani. Makaa yakianza kufunikwa na majivu, mwali ule wa bluu huzimika na gesi huendelea kutoka ikiwa nzima. Haina harufu, haina rangi, na hung'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, mwili ukakosa oksijeni. Kwa hiyo jiko lililofifia, lile analoliingiza mama ili watoto wapate joto la kulalia, ndilo la kuogopwa.

Usilale nalo, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Pasha chumba kabla ya kulala, milango wazi, kisha litoe nje kabisa, si koridoni. Ongezeni mablanketi. Na mkiwa karibu na jiko la mkaa, kichwa kikaanza kugonga, mkasikia kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu, hasa kama zaidi ya mtu mmoja anajisikia hivyo, msianze kufikiria malaria. Tokeni nje wote kwanza, mtoeni asiyejiweza, msirudi ndani kuchukua kitu, na mpelekeni hospitali hata kama amezinduka, mkimweleza daktari kwamba chumbani palikuwa na mkaa.