Pesa wamezisogeza karibu, uamuzi wameupeleka mbali

Ndugu mleta mada, umeuliza kama ni wilayani kwenu tu ambako benki kubwa imepunguza madirisha mpaka likabaki moja, na ukasema ATM yao imekukata laki mbili bila kutoa hela. Hauko peke yako. Mimi niko kusini, kwenye korosho, na ya kwetu yamenila miezi mitano na nauli ambayo sitaki hata kuijumlisha. Benki yenyewe siitaji, maana nikiitaja mada itageuka ushabiki wa nani yuko benki gani, na isitoshe akaunti ya kikundi chetu bado iko kwao.

Nilipoanza kwenda pale, tawi lilikuwa na madirisha manne, meneja anayewajua watu kwa sura, na mlinzi aliyejua kuliko wote nani amekuja kulipwa na nani amekuja kukopa. Madirisha yakawa mawili. Meneja akahamishwa, wa kushika nafasi yake hakuja. Halafu siku moja karatasi ikabandikwa mlangoni: "Katika kuboresha huduma zetu..." Ukiona tangazo limeanza hivyo, jua kuna kitu kimeshaondolewa. Lililokuwa tawi likawa kituo: teli mmoja, meza moja ya huduma kwa wateja, na afisa mikopo anayekuja Jumanne akipata usafiri. Mengine yote nenda mkoani, kilomita tisini na ushee.

Sasa wapo watakaosema dunia imehamia kwenye simu, acheni kulia. Nawapa haki yao. Watu walishazoea kutuma hela kwa simu tangu M-Pesa ilipoingia nchini 2008, na Benki Kuu ilipotoa mwongozo wa mawakala wa benki 2013, huku kwetu hakuna aliyehitaji darasa. Mimi mwenyewe nikitaka kuweka elfu hamsini siendi benki, naenda kibandani pale stendi, dakika tatu nimemaliza na salamu za nyumbani nimeshapewa.

Ila wakala kazi yake ni kupokea na kutoa. Siku jambo likikwama ndipo utajua tawi lilikuwa la nini.

Kikundi chetu ni akina mama kumi na wawili, na akaunti ina watia saini watatu. Mwenyekiti wetu alifariki, Mungu amrehemu, ikabidi tumweke mwingine. Tukaandaa kila kitu: muhtasari wa kikao wenye saini zetu wote, barua ya mtendaji wa kata, barua ya afisa maendeleo ya jamii, cheti cha kifo, picha, nakala za vitambulisho vya taifa vya NIDA. Pale mezani wakapokea, wakasema zinatumwa makao makuu kuidhinishwa. Wiki tatu kimya. Nikarudi. Zimerudishwa, muhuri umefunika saini ya katibu. Nani kasema? "Mfumo, mama." Binti wa watu hana kosa, adabu yake ilikuwa nzuri mpaka mwisho, lakini hata yeye hakumjua aliyezikataa. Yule meneja wa zamani angeishika karatasi, angesema rudieni hii moja, na tungemaliza siku hiyohiyo.

Tukarudia. Zikarudi tena. Safari hii mtia saini mpya kwenye NIDA anaitwa Khadija, kwenye muhtasari tumeandika Hadija. Jamani! Pwani nzima jina hilo linaandikwa hivyo na hivyo, na mtu mwenyewe amesimama mbele yako na kitambulisho mkononi. Lakini aliyeko Dar hamwoni Khadija, anaiona herufi.

Mara ya tatu tukaambiwa watia saini wote watatu wafike wenyewe mkoani kuchukuliwa alama za vidole. Mmoja wetu ana miaka sabini na moja na goti lake halitaki safari. Tukapanda kosta ya saa kumi na moja alfajiri, saa tatu tuko mlangoni, saa nne tunaambiwa mtandao uko chini. Tukalala kwa shemeji wa Khadija. Kesho yake vidole vya yule bibi mashine ikavikataa mara sita, kwa sababu mikono iliyobangua korosho miaka arobaini haina tena mistari ya kusomeka. Alicheka yeye, mimi nilikuwa karibu kulia.

Na huko nyumbani muda haukutusubiri. Ile mikopo ya halmashauri, asilimia kumi ya mapato yake inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarudi mwaka wa fedha 2024/25. Tulikuwa tumeisubiri. Dirisha la maombi likafunguliwa na likafungwa sisi tukiwa na akaunti ambayo mtia saini wake mmoja yuko kaburini.

Nije kwenye msimu, maana hapa wengi hawaelewi. Baada ya minada, malipo ya korosho yanaingia kwenye akaunti za wakulima, na watu wanataka keshi wiki ileile: kulipa vibarua, ada, mabati, deni la salfa ya kupulizia mikorosho. Wakala anaishiwa saa nne asubuhi. Na wakala huyo keshi anaitoa wapi? Palepale kwenye tawi! Teli akiwa mmoja, wakala anapanga foleni moja na wewe, na akifika mbele anapewa nusu ya alichoomba. Kwa hiyo ile hesabu ya kwamba mawakala wameziba pengo la tawi inakwenda vizuri Machi, inavunjika Novemba. ATM nayo Ijumaa jioni ni pambo la ukutani. Wengine wanaanza kuombwa "hela ya soda" ili watunziwe keshi, na mkulima anatoa, afanyeje.

(Simu pia isituleweshe. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipoharibika, siku zile tuliangalia salio kwa kukumbuka.)

Kuna mchangiaji hapo juu kashauri tuhamie kabenki kadogo ka wananchi, wanajali wateja. Huenda. Lakini 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano ndogo kwa siku moja, zikiwemo ya wananchi wa Njombe na ya wananchi wa Meru, kwa kukosa mtaji wa kutosha. Bima ya amana, ile inayowalipa wateja benki ikifa, wakati huo ilikuwa inalipa hadi shilingi 1,500,000 kwa mteja. Sasa kiwango ni 7,500,000, afadhali, ila hela ya watu kumi na wawili siihamishi kwa sababu teli wa kule anatabasamu.

Kilichotusaidia ni karatasi. Tuliacha kulalamika mezani, tukaandika barua: tarehe ya kila safari, walichosema, walichodai, nauli tuliyotumia. Nakala mbili, moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa nikabaki nayo. Muhuri huo usiuache, hata wakikwambia haina haja. Utaratibu ni kwamba malalamiko yanaanzia kwa benki yenyewe, na wasipokuridhisha unayapeleka Benki Kuu, kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zipo tangu 2019. Sisi wa kusini tuna bahati kidogo, Benki Kuu ina tawi Mtwara. Mwisho wa barua tuliandika kwamba nakala inayofuata itaenda huko. Siku ya nne nikapigiwa simu na mtu mwenye jina na cheo, wa kwanza tangu meneja ahamishwe. Vidole vya bibi vikapatiwa njia nyingine, na Hadija akakubaliwa kuwa Khadija kwa kiapo cha mahakamani.

Kwa hiyo wewe na ATM iliyokukata laki mbili bila kutoa hela, usirudi tena pale kwa mdomo. Chukua taarifa ya akaunti inayoonyesha muamala, andika saa na namba ya mashine, peleka barua. Ukitaka mfano wa ile yetu sema tu, nitaondoa majina niiweke hapa jioni nikitoka shamba.