Kichwa kimepandikizwa, sasa uko nyumbani Malindi: maswali yenu

Barua za safari hii karibu zote ni za kichwa. Vijana wanakwenda kupandikiza nywele Istanbul, wengine Nairobi, kisha wanarudi na karatasi ya maelekezo iliyoandikwa kwa mtu wa nchi ya baridi mwenye bomba la maji matamu. Karatasi hiyo ifuateni. Mimi kama muuguzi naijazia tu mambo ya huku kwetu, na ukiona nimepishana na daktari aliyekufanyia, mshike yeye.

Shikamoo Bi. Leo ni siku ya tatu tangu nipandikizwe. Nilipotua Mombasa uso ulikuwa sawa, asubuhi hii macho hayafunguki vizuri. Mama anasema nimepigwa jicho. – Kijana wa Barani, Malindi

Marahaba mwanangu. Mwambie mama ni maji. Ulipofanyiwa, ulidungwa dawa ya ganzi na maji mengine chini ya ngozi ya kichwa, na hayo hayana pa kwenda ila kushuka: kwanza paji la uso, kisha kope. Huanza siku ya pili au ya tatu na kwa kawaida ndani ya wiki huwa yamekwisha. Lala chali, kichwa kimeinuliwa kwa mito miwili au mitatu, usiiname kuokota kitu. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa weka juu ya nyusi tu, isiguse palipopandwa. Kwa maumivu meza paracetamol, si aspirini wala ibuprofeni, maana hizo huzidisha damu kutoka. Lakini kama aspirini umeandikiwa kwa ajili ya moyo, usiiache bila kumuuliza daktari. Na chandarua kifunge juu vizuri kisije kikakuburuzia kichwani usiku.

Uvimbe wenye joto na wekundu unaosambaa, homa, au usaha, huo si wa kungoja. Nenda hospitali.

Nimeambiwa nisiiname siku kumi. Sala nitafanyaje? Na udhu, nami sitakiwi kugusa kichwa? – Abu Mariam, Langoni, Lamu

Swali hili nimeletewa na watu wengi, na wengine wao walikuwa wameshasujudu kabla ya kuuliza.

Kwa upande wa tiba mambo ni mawili. Kusujudu kunapeleka damu kichwani na kuongeza uvimbe. Pili, mstari wa mbele wa nywele mpya uko hapo hapo paji la uso linapokutana na mkeka. Kipandikizi kikisuguliwa siku za mwanzo kinatoka, na kikitoka utaona tone la damu mahali pake. Hicho kimekwenda, hakirudi. Kufikia siku ya 9 au ya 10 huwa vimeshashika na havitoki kwa kuguswa. Kwa hiyo hizo siku kumi hazikutajwa kwa kubahatisha.

Kwa upande wa dini muulize shekhe wako, mimi nitasema lile linalofahamika. Mgonjwa huswali ameketi na kuashiria, akiinama kidogo kwa rukuu na kuzidisha kidogo kwa sijda, kwa kadiri daktari alivyomruhusu. Kuhusu udhu sisi watu wa pwani tuna nafuu, kwani wengi tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na kwake kupaka maji sehemu ndogo tu ya kichwa kunatosha. Lowesha kidole upake juu ya sikio, pale ambapo hapakuguswa na sindano. Josho la janaba ndilo zito zaidi, kwa kuwa maji yanatakiwa yafike kila mahali, na siku mbili tatu za kwanza kichwa hakimwagiwi. Hilo lipeleke kwa shekhe kabla ya kusafiri, si usiku wa manane ukiwa bafuni. Baada ya hapo usiwe na wasiwasi: nywele zilizopandwa ni zako, zimeota kwenye ngozi yako, na maji yanafika.

Maji ya kisima chetu yana chumvi. Naweza kuyanyunyizia, maana nasikia wenyewe pia wanatumia maji ya chumvi? – Msomaji, Mkomani, Lamu

Hapana. Yale wanayotumia ni maji ya chumvi ya dripu, yamepimwa kwa asilimia 0.9 na hayana vijidudu. Chupa unaipata duka la dawa. Kisima hakipimwi na mtu, na visima vya mji wa kale vimepakana na vyoo tangu enzi za mababu. Tia maji ya dripu kwenye chupa safi ya kupulizia, pulizia kwa mbali, mara kwa mara ukiwa macho siku tatu nne za mwanzo, ili vigaga visikauke vikawa vigumu. Chupa ikishafunguliwa usiitumie wiki nzima. Weka mahali pa baridi, na ukiona imekaa sana, mwaga.

Kuosha, kliniki nyingi huanza siku ya pili au ya tatu. Chemsha maji ya kunywa, yaache yapoe. Chukua shampuu ya watoto, itoe povu mikononi mwako, kisha lile povu liweke juu ya kichwa kwa kulaza viganja, bila kusugua. Ngoja dakika tano hadi kumi. Mwagia kwa kata au kopo, polepole, toka karibu. Bomba la mvua lenye nguvu liache. Kukausha ni kwa hewa. Sehemu ya nyuma palipotolewa nywele unaweza kupagusa kwa taulo laini, mbele usiguse.

Ikifika siku ya 10 hivi, wakati povu limelainisha, pitisha ncha za vidole (si kucha!) kwa mzunguko mwepesi na vigaga vitaanza kutoka. Vingi huwa vimekwisha siku ya 14. Kikigoma, kiongezee muda wa kuloweka kesho yake. Kukibandua ndiko kunakoleta majuto.

Bi, nimeibiwa. Wiki ya nne hii na zile nywele zote zinanyonyoka, nabaki kama zamani. – Mwalimu, Kilifi

Hujaibiwa, mwalimu. Kinachoanguka ni unywele, mzizi umebaki chini ya ngozi. Umehamishwa, ukakatiwa damu kwa saa kadhaa, ukashtuka, sasa unapumzika. Nywele hunyonyoka kati ya wiki ya pili na ya nane, kwa watu wengi sana. Zikianza kuchomoza tena ni mwezi wa tatu au wa nne, nyembamba, nyingine zimejikunja ovyo. Mwezi wa sita utaona umbo. Hukumu kamili ni baada ya mwaka, na utosini hata miezi 18. Piga picha mara moja kwa mwezi, mahali pamoja, mwanga ule ule. Kioo cha kila asubuhi kitakutia kichaa.

Daktari wa Marekani, Norman Orentreich, alieleza mwaka 1959 kwamba nywele za kisogoni zikihamishwa huendelea na tabia ya kule zilikotoka, na ndiyo maana kazi hii inawezekana. Lakini zile nywele zako za asili zilizokuwa zimebaki mbele hazikubadilika tabia, zitaendelea kupungua. Daktari akikuandikia minoksidili ya kupaka au finasteridi ya kumeza, ndiyo sababu. Finasteridi ina mambo yake: wanaume wengine hupungukiwa hamu ya ndoa, na mke mwenye mimba asishike kidonge kilichovunjika. Isinunuliwe kiholela kwa sababu rafiki anaitumia.

Mimi ni mvuvi. Narudi baharini lini? – Nahodha mdogo, Shela

Kazi ya jasho na kuvuta nyavu, subiri wiki mbili angalau kama nywele zilitolewa moja moja. Kama ulikatwa ukanda wa ngozi kisogoni ukashonwa, usivute wala kuinua kizito kwa wiki nne hadi sita, kwa sababu shingo ikivutika kovu linapanuka. Kuogelea na kupiga mbizi, mwezi mmoja. Watu husema maji ya bahari yanaponya kidonda. Chumvi ya baharini ni karibu asilimia 3.5, takriban mara nne ya ile ya dripu, na hayo maji hayajachujwa.

Jua ndilo ninaloliogopa zaidi kwako. Ngozi mpya ikiungua hubaki na madoa, na jua la baharini linakupata mara mbili, la juu na la majini. Kwa miezi mitatu usikae chomboni kichwa wazi. Kofia iwe pana na yenye nafasi, ivae ukianzia mbele kwa uangalifu, baada ya daktari kuruhusu. Kofia ya viua iliyopigwa uwanga ikasimama, ile inayobana kipaji, iache kabatini wiki mbili au zaidi. Helmeti ya bodaboda nayo ni hivyo hivyo, kwa hiyo panda tuktuk.

Na sigara, nahodha. Inabana mishipa midogo ya damu, ambayo ndiyo hiyo inayolisha mizizi. Acha kabla na baada.

Mimi ni mwanamke, nilipoteza nywele za mbele kwa kusuka na kuvuta sana. Nimepandikizwa wiki mbili zilizopita. Mtandio je? Na nitasuka lini? – Mama wa Muyeye

Dada yangu, wanawake wanaoandika kuhusu hili ni wachache, si kwamba wenye tatizo ni wachache. Mtandio wenyewe hauna shida ukiwa mwepesi na umelegezwa. Mbaya ni ile kofia ya ndani yenye mpira unaokaa sawasawa juu ya mstari wa nywele, pamoja na pini za pembeni. Vaa mtandio wa pamba laini, ukifika ndani vua, kichwa kipate hewa, maana joto la Malindi na jasho chini ya kitambaa ni shamba la vipele.

Kusuka nitakujibu kwa ukali kidogo. Mapema mno ni mwezi wa tatu au wa nne, na hata hapo iwe misuko mikubwa iliyolegea, isiyoanzia kwenye mstari wa mbele. Rasta nzito, wivingi ya gundi, na ile misuko ya kukuinua nyusi, hizo kwako zimekwisha. Zilizokutoa nywele mara ya kwanza zitakutoa tena, na kisogoni hakuna akiba isiyokwisha. Msusi akikwambia utazoea, badilisha msusi.

Nina miezi mitatu na vipele vimetoka kichwani. Halafu nina kovu lililovimba sikioni tangu zamani. Niwe na hofu? – Fundi, Kisumu Ndogo

Vipele vichache mwezi wa pili hadi wa nne mara nyingi ni nywele mpya zinazotafuta njia. Nywele zetu hujikunja hata chini ya ngozi, kwa hiyo nyingine hukwama. Kitambaa cha maji ya vuguvugu mara chache kwa siku, usikamue. Vikiwa vingi, vyenye usaha au vinauma, muone daktari wa ngozi.

Kovu la sikioni ni jambo jingine, na lilitakiwa kusemwa kabla ya upasuaji. Mwenye ngozi ya makovu yanayokua anaweza kuyapata kisogoni pia. Pitisha kidole huko. Ukigusa kigumu kinachokua au kinachowasha, nenda sasa kikiwa kidogo, kuna sindano za kukituliza. Kwa wale ambao bado hawajaenda na wana makovu ya aina hii: ombeni majaribio ya vipandikizi vichache kwanza, mngoje miezi kadhaa muone ngozi inasemaje. Na mtafuteni daktari aliyezoea nywele za kipilipili, kwa sababu mzizi uliopinda hukatwa kirahisi wakati wa kuutoa.

Naweza kupaka mafuta ya nazi na habasoda? Na piko kufunika weupe? – Bwana harusi mtarajiwa

Mafuta, mwezi wa kwanza acha. Piko ile nyeusi ina dawa kali inayounguza ngozi ya watu wengine hata wakiwa wazima. Isikaribie kichwa hicho kwa miezi, na mimi nakushauri isikaribie kabisa. Sogeza harusi.

Nakwenda Umra wiki ya saba. Nitanyoa? – Hajj mtarajiwa, Lamu

Usinyoe kwa wembe. Kupunguza kwa mkasi kunakubalika kwa mwenye Umra, na kwa mkasi hakuna ubaya wiki hiyo. Tatizo lako ni kwamba mwanamume kwenye ihramu hafuniki kichwa, na jua la Makka si la mchezo. Mwavuli unaruhusiwa, ubebe. Tawafu ifanye usiku.

Kinyozi lini? – Wengi

Mkasi baada ya mwezi. Mashine kisogoni hata kabla ya hapo daktari akiridhika, mbele ngoja miezi mitatu. Nenda na mashine yako mwenyewe au hakikisha yake imesafishwa kwa spiriti mbele ya macho yako, na umwambie mapema asije akakusugua kichwa kwa taulo ya moto kama alivyozoea.